Mbwa Hodari Mwenye Mwasho Asifanywe Mbegu

Wako wasomaji watakaoguna kuona safu hii, ambayo kwa kawaida hushughulikia bei ya mazao, barabara na shule, leo imeamua kuzungumzia ngozi ya mbwa. Wana haki ya kuguna. Katika nyumba nyingi za kwetu mbwa hulala nje, hula makombo, na akijikuna husemwa kuwa ana viroboto, basi. Lakini mbwa ninayekusudia kumzungumzia si yule anayebweka uani usiku. Ni mbwa wa kazi: yule anayenusa shehena bandarini kutafuta meno ya tembo, yule anayefuata nyayo za mwizi hadi mlangoni, na yule ambaye katika nchi za wenzetu humwongoza kipofu kuvuka barabara. Mbwa wa namna hiyo ni mali ya umma kama lilivyo gari la zimamoto, na anapoharibika, kuna mtu anayekosa huduma. Hata wale ambao desturi zao haziwaruhusu kumkaribisha mbwa ndani ya nyumba wanajua kumpambanua mbwa mwenye kazi na mbwa asiye nayo.

Miezi kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya kutembelea kituo kimoja cha mbwa wa ulinzi, ambacho sitakitaja jina kwa sababu watu wake ni wenye nia njema na walinipokea vizuri. Nilionyeshwa jike mmoja wa aina ya German Shepherd, mwenye umri wa miaka minne, ambaye kila askari pale alimsifu. Walisema hakupata kumkosa mtu aliyemfuata, wala hakupata kumng'ata mtu asiye na hatia. Lakini tumbo lake lilikuwa jeusi na gumu kama ngozi ya tembo, manyoya ya kwapani yalikuwa yamepukutika, na baina ya vidole vya miguu manyoya yaligeuka rangi ya kutu kwa kulambwa mchana na usiku. Nilimwuliza afande aliyenitembeza mnyama yule ana nini.

"Mzee," akanijibu, "huyu tumemtoa kazini. Dawa zimetushinda. Lakini damu kama hii haipotezwi bure. Sasa atazaa."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Afande yule hakusema jambo la ajabu. Alisema lile ambalo mfugaji yeyote mwenye huruma na mwenye kupenda kazi yake angelisema: mnyama hodari asiyeweza tena kufanya kazi apewe kazi ya kuzaa, ili uhodari wake usife naye. Kwa bahati mbaya, uhodari si kitu pekee kinachopita katika damu. Mwasho nao hupita, na jike yule aliyeondolewa kazini kwa sababu ya ngozi yake anapelekwa moja kwa moja mahali ambapo ngozi hiyo itafanya madhara makubwa kuliko yote iliyoyafanya alipokuwa kazini. Kazini aliharibika mbwa mmoja. Katika banda la uzazi huenda wakaharibika wanane kwa mpigo.

Yafaa kwanza tueleze ugonjwa wenyewe, kwa maana mwasho wa mbwa una mama wengi. Kuna viroboto, kuna upele unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi, kuna kupe, kuna chakula kisichomfaa mnyama. Yote hayo yana tiba yake, na katika hali ya hewa ya kwetu hapana daktari wa mifugo makini atakayetaja jambo jingine kabla hajayaondoa hayo kwanza. Lakini yapo maradhi yanayobaki baada ya viroboto kuuawa na chakula kubadilishwa. Huo ni ukurutu wa mzio, ugonjwa ambao mwili wa mbwa huvichukulia vitu vya kawaida kabisa, kama vijidudu vya vumbi la nyumba, chavua ya nyasi na kuvu, kuwa ni adui aliyevamia. Ngozi ya mbwa kama huyo mara nyingi ni kama ukuta uliopungukiwa na udongo: vitu vinavyopaswa kubaki nje hupenya, na mwili hujibu kwa mwasho. Mbwa hujikuna uso, hulamba nyayo, husugua tumbo sakafuni, masikio yake hutoa uchafu kila mara, na juu ya ngozi iliyochubuka bakteria na hamira hujipatia makao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na wataalamu ni kwamba mbwa kadiri ya mmoja katika kila kumi ana ugonjwa huu. Haumwui. Humsumbua maisha yake yote.

Kwa mbwa wa nyumbani hilo ni jambo la huruma na gharama. Kwa mbwa wa kazi ni zaidi ya hapo. Mkanda wa mbwa anayeongoza kipofu hupita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, pale pale kwapani ambapo ugonjwa hupenda kuanzia. Mbwa wa bandarini hufanya kazi katika vumbi la maghala, na vumbi ndilo linalomwasha. Mbwa anayejikuna usiku kucha huamka amechoka, na mbwa mwenye maumivu ya masikio hawezi kutegemewa kuisikia amri ya mara ya kwanza. Mtu anayeona anaweza kumsubiri mbwa wake amalize kujikuna. Kipofu aliye katikati ya barabara hawezi.

Ubaya mwingine ni wakati ambao ugonjwa huu huchagua kujitokeza. Kwa kawaida huanza baina ya umri wa miezi sita na miaka mitatu. Sasa tazama maisha ya mbwa anayefundishwa kuongoza vipofu kule Uingereza, ambako kazi hiyo ilianza mwaka 1931. Hulelewa na familia ya kujitolea hadi apitishe mwaka mmoja, kisha huingia katika mafunzo ya miezi mingi, na huanza kazi akiwa na umri wa karibu miaka miwili. Ni kana kwamba ugonjwa umesubiri mpaka fedha zote zimelipwa, walezi wamefanya kazi yao yote na kipofu amekwisha kupewa jina la mbwa wake, ndipo ukabisha hodi. Aidha, huo ndio umri ambao majike huanza kuzalishwa. Jike anaweza kuzaa akiwa na ngozi laini kama hariri, kisha akaanza kujikuna wakati watoto wake tayari wamegawanywa.

Watu watasema kwamba siku hizi kuna dawa. Ni kweli, na tushukuru. Tangu mwaka 2013 kumekuwako vidonge vya oklasitinibu vinavyozuia mwasho kwa mbwa wengi ndani ya muda mfupi, na baadaye zikaja sindano za kinga zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa wiki kadhaa. Kabla ya hapo silaha kubwa ilikuwa steroidi, nazo bado zinatumika kwa wingi, hasa kwetu ambako dawa mpya ni ghali. Lakini tusisahau kinachonunuliwa kwa mbwa wa kunusa: ni pua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba mbwa waliopewa deksamethasoni, ambayo ni aina ya steroidi, walipungukiwa na ukali wa kunusa. Basi mkuu wa kikosi anayemtibu mbwa wake kwa dawa hiyo ili arudi kazini aweza kujikuta amepata mbwa asiyejikuna na asiyenusa.

Tena dawa hizo mpya zina hatari ambayo haipo katika karatasi ya maelezo. Zinaificha dosari. Mbwa dume anayemeza kidonge kila asubuhi ana manyoya ya kung'aa, na mnunuzi anayemtazama uani hana namna ya kujua. Hakuna ubaya kumpa mnyama nafuu. Mtu asiyempa nafuu mnyama wake ni katili. Ubaya ni kumpa nafuu kisha kumsahau daftarini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huku kwenye mabanda ya mbwa mambo yamegeuka, kwa maana yule aliyefichwa uchi wake ndiye anayezaa kuliko wote.

Je, ni kwa kiasi gani ugonjwa huu ni wa kurithi? Swali hilo lilijibiwa kwa hesabu, na jibu lilitoka kwa mbwa wa kazi wenyewe. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti juu ya mbwa wa aina za Labrador na Golden Retriever waliozalishwa Uingereza kwa ajili ya kuongoza vipofu. Watafiti waliwafuatilia mbwa hao kwa koo zao, wakakadiria kiwango cha urithi wa ukurutu wa mzio kuwa 0.47. Naomba msomaji asiichukulie namba hiyo vibaya, kama wengi wanavyofanya. Haina maana kwamba mbwa 47 katika kila mia wataugua. Maana yake ni kwamba, ukizitazama tofauti zilizopo baina ya mbwa na mbwa katika jambo hili, karibu nusu yake inatokana na damu waliyorithi, na nusu nyingine inatokana na mazingira na mambo mengine. Katika utafiti huo huo, wazazi wote wawili walipokuwa wagonjwa, karibu theluthi mbili ya watoto wao waliugua. Na wazazi wote wawili walipokuwa wazima, bado kadiri ya mmoja katika kumi aliugua.

Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kutushughulisha zaidi. Kwamba wagonjwa huzaa wagonjwa, hata mtoto mdogo angelikisia. Lakini kwamba wazima nao huzaa wagonjwa, hapo ndipo desturi ya kumchagua mzazi kwa kumtazama inaposhindwa. Mbwa aweza kuwa mzima machoni na bado akabeba mzigo wa ukoo wake. Kumtazama yeye peke yake hakutoshi.

Wasomaji wetu wa mkoa huu hawahitaji kwenda Uingereza kujifunza somo hilo. Kila siku mabasi ya kati ya Moshi na Arusha hupita Usa River, ambako kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, mahali ambapo mbegu za madume ya ng'ombe hukusanywa, hugandishwa na kupelekwa kwa wafugaji. Mkulima wa Meru au wa Hai anayelipia mbegu ya dume la maziwa ananunua kitu cha ajabu ukikifikiria: anamlipa fahali kwa ajili ya maziwa, ilhali fahali hakupata kutoa hata tone. Anajuaje basi kwamba fahali huyu ni bora kuliko yule? Katika nchi zilizoendeleza elimu hiyo, jibu ni mabinti zake, dada zake na mama yake. Maziwa yao hupimwa, huandikwa, na kwa hesabu hutafutwa thamani ya uzazi ya fahali mwenyewe. Umbo lake zuri na pembe zake hazihusiki sana.

Sasa linganisha. Kiwango cha urithi wa wingi wa maziwa hukadiriwa kuwa karibu 0.3. Kile cha ukurutu wa mzio, kwa utafiti nilioutaja, ni 0.47. Maana yake, kama tumekubali kwamba maziwa yanaweza kuongezwa kwa kuchagua wazazi, na hakuna mfugaji anayelikataa hilo, basi mwasho nao unaweza kupunguzwa kwa njia hiyo hiyo, na hesabu inatupa matumaini makubwa zaidi. Kinachokosekana ni daftari. Mfugaji wa ng'ombe huandika lita. Mwenye mbwa haandiki kitu. Anakumbuka tu, na kumbukumbu ya mtu anayempenda mbwa wake ina huruma nyingi mno.

Kwamba daftari linaweza kubadilisha mwili wa mbwa, ushahidi upo. Shirika la The Seeing Eye la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1929 kwa ajili ya mbwa wa kuongoza vipofu, lilikuwa na taabu ya nyonga: viungo vya nyonga vya mbwa wao vilikuwa havikai sawasawa, na mbwa wakichechemea kabla ya wakati. Wakaanza kupiga picha nyonga za mbwa wote, wakiwamo ambao hawatazaa, na kumpa kila mzazi thamani yake kwa hesabu ya ndugu na watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Katika vizazi visivyofika vitano, German Shepherd wenye nyonga mbovu walipungua kutoka asilimia 55 hadi 24, na Labrador kutoka asilimia 30 hadi 10. Hapakuwa na dawa mpya wala muujiza. Palikuwa na uvumilivu wa kuandika habari za mbwa wote, wazuri na wabaya, na ujasiri wa kumwambia mtu kwamba mbwa wake ampendaye hatazaa.

Ngozi, hata hivyo, ni ngumu kuliko nyonga, na ni heri tuseme hivyo kuliko kuwadanganya watu. Nyonga hupigwa picha mara moja, mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 12 na 16, na kazi imekwisha. Ngozi haina picha. Vipimo vya mzio vya damu na vya kuchoma ngozi husaidia kujua kinachomwasha mbwa ambaye tayari amekwisha kutambuliwa kuwa mgonjwa; haviwezi peke yake kusema nani ni mgonjwa, kwa kuwa mbwa wazima nao huweza kuonyesha majibu. Wala hakuna kipimo cha jeni cha kukata shauri. Wapo wanaodhani kwamba sayansi itatuletea kijichupa ambacho mtu atachovya mate ya mbwa na kusoma ndiyo au siyo. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden waliochunguza German Shepherd walipata sehemu ya kromosomu ya 27 inayohusiana na ugonjwa huu, karibu na jeni iitwayo PKP2, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini ugonjwa huu hautokani na jeni moja. Ni kama deni lililokopwa kwa watu wengi kidogo kidogo, na kumpata mdai mmoja hakulimalizi.

Kwa hiyo tunarudi kwenye macho, sikio na kalamu ya mlezi. Alianza kujikuna lini? Sehemu gani ya mwili? Ilikuwa wakati wa masika au kiangazi, au mwaka mzima? Je, viroboto walikuwa wamekwisha kuuawa? Alipewa dawa gani, na mwasho ulirudi baada ya siku ngapi? Ndugu zake wa uzao mmoja wako wapi, na ngozi zao zina hali gani? Maswali hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji mtu wa kuyauliza kila baada ya miezi michache mpaka mbwa apite miaka mitatu, na hata baada ya kugawanywa, kwa maana mbwa anayepelekwa kituo cha mbali hugeuka kuwa kama hakuzaliwa. Ndugu zake watano wanaweza kuwa wanajikuna katika mikoa mitano, na yule aliyebaki makao makuu, aliye mzima, akahesabiwa kuwa ametoka katika ukoo safi.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ya mambo haya yote ni uchotara: mpandishe Labrador kwa Golden Retriever, na ubaya wa kila upande utafutwa na wema wa upande wa pili. Mashirika ya mbwa wa vipofu hupenda sana chotara huyo, na kwa sababu nzuri, kwa kuwa tabia yake ni tulivu. Lakini aina zote mbili zimo katika orodha ya zile zinazopata ugonjwa huu kwa wingi, na German Shepherd vivyo hivyo. Ukichanganya maji ya visima viwili vya chumvi hupati maji matamu.

Wengine, kinyume chake, wataona kwamba njia iliyonyooka ni kuwafyeka wote: kila mbwa aliyejikuna, na kila ndugu wa aliyejikuna, asizae kamwe. Nawaelewa, lakini siungi mkono. Banda la mbwa wa kazi lina wazazi wachache. Ukiwaondoa wote wenye doa la ukoo kwa siku moja, utabaki na madume wawili na majike wanne, na baada ya vizazi viwili utakuwa unapandisha binamu kwa binamu na kujivunia ngozi nzuri huku maradhi mengine yakijipenyeza kwa mlango wa nyuma. Isitoshe, mbwa wa kazi hachaguliwi kwa ngozi peke yake. Anatakiwa moyo usiotishwa na mlio wa bunduki, nyonga imara, macho mazima, pua. Kila sifa inayoongezwa katika mizani hupunguza uzito wa nyingine. Njia ya busara ni kumtenga kabisa yule ambaye yeye mwenyewe ni mgonjwa, na yule mzima ambaye ndugu zake wameugua apewe mwenzi wa ukoo usio na mwasho, watoto wao wafuatiliwe kwa makini zaidi kuliko wengine. Na inapowezekana, dume asitumiwe kwa wingi kabla hajatimiza miaka mitatu. Jike anaharibu uzao mmoja kwa mara moja. Dume anaweza kuharibu kumi kabla hajaanza kujikuna.

Ile nusu nyingine, ya mazingira, nayo isidharauliwe. Tafiti za Finland na Uingereza zimeonyesha kwamba mbwa wanaoishi mjini hupata mzio zaidi kuliko wa shamba. Banda la saruji lenye vumbi na matandiko yasiyofuliwa halimsaidii mbwa yeyote. Lakini mazingira tunaweza kuyabadilisha Jumatatu ijayo kwa ufagio na maji. Damu hubadilishwa kwa vizazi, na kosa lililofanywa leo hulipwa miaka kumi.

Haya yanatuhusu nasi kwa njia ya moja kwa moja. Shirika la African Wildlife Foundation lilipoanzisha mwaka 2014 mpango wake wa mbwa wa kunusa nyara za wanyamapori, mafunzo yalifanyika hapo hapo Usa River, na mbwa wa kwanza walitoka Ulaya. Vikosi vingine na makampuni ya ulinzi nayo huagiza mbwa kutoka nje. Anayeagiza huuliza umri, hutaka kuona mbwa akinusa na akitii, na pengine hudai picha ya nyonga. Namwomba aongeze swali moja: wazazi wake na ndugu zake wa uzao mmoja wana ngozi za namna gani, na je, wamepata kutumia dawa za mwasho? Muuzaji asiyeweza kujibu amejibu. Nchi za wenzetu zina daftari la pamoja ambamo mashirika ya mbwa wa kazi huandika afya za mbwa wao na kupata hesabu za uzazi. Hakuna sababu ya mnunuzi wa Afrika Mashariki kupokea mbwa asiye na ukoo wa kusomeka, wakati bei aliyolipa ni ile ile. Na wale wanaozalisha hapa hapa, wa Tanzania na wa Kenya, wangefaidika mno kuandika kwa namna moja ili daftari za pande zote zisomane. Idadi ya mbwa wetu ni ndogo. Hakuna kikosi chenye mbwa wa kutosha kufanya hesabu peke yake.

Najua watakaoniona mkatili. Wataniambia kwamba kuna kipofu anayesubiri mbwa, kuna tembo anayeuawa usiku huu, na mimi nazuia jike hodari asizae kwa sababu ya vidole vilivyolambwa. Nami nasema, mbwa mgonjwa atibiwe, alishwe, apendwe, na kama dawa inamrudisha kazini salama, arudi. Sikatai hata kidogo. Ninachokataa ni kumpa cheo cha mama kwa sababu ameshindwa kuwa askari. Kipofu huyo anayesubiri, tukimpa binti wa jike huyu, huenda akamrudisha baada ya mwaka mmoja, na kumpokonya kipofu mbwa aliyemzoea ni msiba ambao mimi na wewe tunaoona hatuwezi kuupima.

Wiki mbili zilizopita nilipita tena katika kituo kile. Yule jike alikuwa amelala kivulini, tumbo limejaa. Afande alisema zimebaki kama wiki tatu. Hakukuwa na la kubishana tena. Nilimwomba kwamba watakapozaliwa, kila mtoto afunguliwe kadi yake siku hiyo hiyo, na kwamba asigawanywe hata mmoja bila anayempokea kukubali kuandika habari za ngozi yake mpaka atimize miaka mitatu, na asizalishwe kabla ya hapo. Afande alicheka kidogo, akasema, "Mzee, hiyo ni kazi ya ukarani." Kisha akaniuliza kadi hiyo iwe na mistari gani, nikakaa naye chini ya mwembe tukaichora.